Daftari la vidole la Mugango

Nilikwenda Mugango kwa habari ya maji, maana hapo ndipo maji ya Ziwa Victoria yanapoanzia safari ya bomba kwenda Kiabakari na Butiama. Nimerudi na habari ya daftari.

Ni daftari la shule, jalada limevimba kwa unyevu, na linakaa mezani chini ya mwavuli wa dada anayesajili laini za simu karibu na mwalo. Nilidhani ni la hesabu za miamala. Kumbe kila mstari una kazi ya mtu na kidole chake. "Mvuvi wa dagaa, cha mwisho kushoto." "Mama wa mihogo, shahada kulia." "Fundi uashi, cha pete kulia, baada ya sabuni." Majina hayamo; anasema majina ya watu si mali yake. Mistari mingine ina kazi tu, kisha mstari mrefu wa kalamu na hakuna kidole.

"Hao mashine haikuwaona kabisa," aliniambia.

Mengine msomaji anayajua. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipaswa kukamilika Desemba 31, 2019. Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi Januari 20, 2020. Tangu hapo, kwa kawaida, bila namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 na kidole kinachokubaliana nayo, laini haisajiliwi.

Nikiwa hapo alifika mzee mmoja, miguu ina mchanga wa mwaloni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo tujaribu tena."

Dada alimmiminia maji, akampa kipande cha sabuni, akamfuta mikono kwa upole kama anayemfuta mtoto. Akaanza na gumba la kulia. Kioo kidogo cha mashine kikawaka, kikazima. Gumba la kushoto, vivyo hivyo. Akamwambia mzee apitishe kidole cha shahada kwenye paji la uso, kichukue mafuta kidogo ya ngozi, kisha akibonyeze polepole. Kikakataa. Cha kati, cha pete, cha mwisho; mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Nilihesabu vidole vyote kumi. Mzee hakusema neno. Alivitazama vidole vyake kama vitu alivyoazimwa na mtu.

"Mikono ya huku imefanya kazi, kaka," dada alinieleza mzee alipokwenda kukaa kivulini. "Kamba ya nailoni inakula ngozi kila usiku. Kina mama wanageuza dagaa kwenye mchanga wa moto. Wengine wanaponda kokoto. Mchoro wa kidole unasagika, unabaki laini kama chupa."

Halafu akaniambia jambo ambalo silisahau. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, kwa sababu taa zao za kuvutia dagaa hazina nguvu mbele ya mwanga wa mwezi. Siku hizo mikono hupumzika, ngozi huanza kurudi. Basi yeye humwambia mvuvi aliyekataliwa aje mwishoni mwa mbalamwezi, kabla hajaushika wavu tena. Pembeni mwa baadhi ya mistari ya daftari amechora duara dogo. Ni mwezi.

Ujuzi huo hakuufundishwa na yeyote. Ameupata kwa kuwatazama watu na kuwahurumia.

Niliporudi Musoma mjini, nikijiuliza mashine za namna hii hununuliwaje, nilisoma upya habari za zabuni za utambuzi wa watu. Mwaka 2011 NIDA iliingia mkataba wa takriban dola milioni 150 na kampuni ya Malaysia, Iris, kutengeneza vitambulisho vya taifa. Januari 2016 mkurugenzi mkuu wa NIDA alisimamishwa kazi, na Rais akaagiza matumizi ya Sh179.6 bilioni yachunguzwe. Nchini Kenya, mwaka 2012, zabuni ya mashine za kuandikisha wapigakura ilifutwa katikati ya malumbano, serikali ikapitia kwa serikali ya Kanada kuzipata. Zabuni ya vifaa vya kuwatambua wapigakura kituoni nayo ilikatiwa rufaa. Bodi iliyosikiliza ikaona kasoro, lakini ikaiacha iendelee kwa kuwa uchaguzi ulikuwa mlangoni. Machi 4, 2013 vifaa hivyo vilizimika katika vituo vingi, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Mahakama ya Juu ikataka ununuzi huo uchunguzwe.

Sisemi migogoro hiyo ni ya bure. Zabuni isiyohojiwa ni mlango wa wizi, na haki ya aliyeshindwa kukata rufaa inalinda fedha zetu sote. Lakini ubishi mwingi niliousoma ni wa bei, nyaraka, na nani alistahili kushinda. Nilipomsimulia dada wa daftari kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa kaka, hao wanaogombania, mashine wanaijaribu kwa kidole cha nani?"

Sikuwa na jibu. Kwa sheria yetu, malalamiko ya zabuni ni ya mzabuni. Anayeweza kusimama mbele ya mamlaka ya rufaa za zabuni ni aliyeomba kazi. Mzee wa Mugango hakuomba kazi yoyote. Kidole chake ndicho mashine ilinunuliwa kukisoma, na kinapokataliwa hana pa kukata rufaa isipokuwa chini ya mwavuli ule.

Laini anayoitumia mzee imesajiliwa kwa jina la mjukuu wake. Akiba yake ya samaki imo humo. Mjukuu akihama, au Mungu akimchukua mapema, fedha hizo ni za nani?

Ombi langu ni dogo. Kabla ya mkataba ujao wa mashine za vidole kusainiwa, kamati ya tathmini ije mwaloni asubuhi, nyavu zinapotoka majini, na kila mshindani aweke mashine yake mezani mbele ya wavuvi na kina mama wa dagaa. Daftari lipo, na mwenyewe yuko tayari kulionyesha. Mpaka siku niliyoondoka Mugango, hakuna mnunuzi wala muuzaji wa mashine hizo aliyewahi kumuuliza.