Maoni ya watazamaji wa filamu: nani huulizwa, na huulizwa lini?

Mtu atokapo kwenye ukumbi wa sinema, swali analoulizwa kwanza ni lile lile, awe yuko Muscat, Birmingham au Minneapolis: filamu ilikuwaje? Jibu lake aghalabu ni fupi. Nzuri, mbaya, au si haba. Zamani jibu hilo liliishia kwa jamaa na majirani. Siku hizi maoni kama hayo hukusanywa, huhesabiwa na kugeuzwa alama, na alama hiyo huwavuta wengine kwenye filamu au huwafukuza.

Makala haya yanaeleza jinsi alama hizo zinavyopatikana, na kwa nini filamu moja huweza kupewa alama mbili zinazopingana, pasipo yeyote kusema uongo.

Nguvu ya mtazamaji wa kawaida

Watengenezaji wa filamu wa Hollywood wana desturi ya siku nyingi ya kuwaonyesha filamu watu wa kawaida kabla haijatoka. Mfano unaojulikana sana ni filamu ya Fatal Attraction ya mwaka 1987, walioigiza Michael Douglas na Glenn Close. Katika mwisho wake wa awali, Alex, mwanamke anayemwandama mume wa mtu, alijiua mwenyewe. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika, walitaka aadhibiwe. Waigizaji wakarudishwa kazini, ukapigwa mwisho mpya ambamo Alex anauawa na mke wa mwanamume huyo. Huo ndio mwisho uliooneshwa kwenye kumbi, na filamu ikapata mapato makubwa.

Kadi za siku ya kwanza

Njia ya pili ni ya kampuni ya CinemaScore, iliyoanzishwa mwaka 1979, na yenye makao yake Las Vegas. Siku filamu inapoanza kuonyeshwa, wafanyakazi wake hugawa kadi ndogo kwa watazamaji katika miji ya Marekani na Canada. Mtazamaji hutoa alama kama za shuleni, kuanzia A hadi F, na kutaja umri wake, jinsia yake na sababu iliyomleta.

Lakini ni nani anayekwenda sinema siku ya kwanza? Ni yule aliyekuwa akiisubiri filamu hiyo kwa hamu. Kwa sababu hiyo alama za CinemaScore huelekea kuwa za juu, na C huhesabiwa kuwa habari mbaya.

Mwaka 2017 filamu ya mother! ya Darren Aronofsky ilipewa F, ingawa baadhi ya wahakiki waliisifu. Wengi wa waliokwenda walitarajia filamu ya kutisha, wakakuta fumbo refu na zito. Kinyume chake, The Woman King ya mwaka 2022, inayosimulia habari za wanawake wapiganaji wa Dahomey, nchi ambayo leo ni sehemu ya Benin, ilipata A yenye alama ya kujumlisha, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Kwa hiyo, kadi hizo hupima zaidi kama ahadi iliyotolewa na matangazo imetimizwa.

Asilimia na maana yake

Mtandao wa Rotten Tomatoes, ulioanza mwaka 1998 huko California, hutumia hesabu nyingine. Asilimia ya wahakiki inayoandikwa hapo haielezi filamu ni nzuri kwa kiasi gani. Inaeleza ni wangapi kati yao walioipenda. Filamu ambayo kila mhakiki ameiona kuwa nzuri kiasi tu huweza kupata asilimia 100. Nyingine iliyowafurahisha mno nusu yao na kuwaudhi nusu iliyobaki, itapata asilimia 50.

Watazamaji wa kawaida nao wana alama yao katika mtandao huo, na tofauti kubwa ilidhihirika Disemba mwaka 2017 ilipotoka Star Wars: The Last Jedi. Waliojaza kadi kwenye kumbi waliipa A. Waliopiga kura kwenye intaneti walioipenda hawakufika nusu. Kadi hupewa mtu aliyeketi ukumbini. Kura ya intaneti wakati huo ilikuwa wazi kwa yeyote, hata aliyekuwa na hasira na hajaiona filamu. Mwaka 2019 mtandao huo ulisimamisha maoni ya watazamaji juu ya filamu ambazo hazijatoka, kisha ukaanza kuwatenga watazamaji waliothibitishwa kununua tiketi.

Muda nao una hukumu yake. The Shawshank Redemption, iliyotoka mwaka 1994, haikuvuma kwenye kumbi. Ilipata watu wake baadaye, kwa kanda za video na televisheni. Leo ni miongoni mwa filamu zilizopewa alama za juu kabisa na wapiga kura wa mtandao wa IMDb.

Sauti zisizohesabiwa

Wako watazamaji ambao maoni yao hayafiki popote. Kijana anayetazama filamu ya mapigano katika kibanda cha video nchini Kenya, ikiwa na masimulizi ya Kiswahili ya DJ Afro, hapewi kadi. Kura yake ni kiingilio chake, na kama hakupendezwa, harudi.

Jambo hili lina uzito wake kwa filamu za Kiswahili. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Filamu ya namna hiyo hupata wapiga kura wachache ikilinganishwa na za Hollywood. Na penye kura chache, watu kumi tu huweza kuipandisha au kuiangusha, na mgeni asiyejua lugha yetu hana kingine cha kutazama ila alama hiyo. Msemaji wa Kiswahili aliye ughaibuni, mwenye intaneti karibu, anapoiona filamu kama hiyo na kunyamaza, huwaachia wengine waisemee.

Lakini maoni yenye manufaa si nyota pekee. Kusema filamu inachosha hakumsaidii mtu. Kusema nilitarajia mapigano, nikakuta mazungumzo ya saa mbili, humsaidia hata yule apendaye mazungumzo, naye ataitafuta.

Basi, msikilizaji, uonapo alama ya filamu, uliza mambo matatu: ni nani walioulizwa, waliulizwa lini, na swali lenyewe lilikuwa lipi. Na ukiulizwa wewe, eleza ulichokitarajia, ulichokikuta, na ni nani unayedhani itamfaa.