Biashara ya kingamwili za keratini na kopo la fomalini

Keratini ni protini za nyuzinyuzi zinazozipa uimara seli za epitheli, yaani seli za tabaka linalofunika ngozi, umio, utumbo na mirija ya maziwa. Binadamu ana jeni 54 za keratini, na kila epitheli ina mchanganyiko wake, unaosaidia kutambua saratani ilikoanzia. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huwa na keratini 20 bila keratini 7. Ya titi huwa kinyume chake. Limfoma, ambayo dawa zake ni nyingine kabisa, kwa kawaida haina keratini.

Kingamwili zinazonasa protini hizo ni bidhaa ya viwandani. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walionyesha namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja bila ukomo. Ugunduzi huo haukukatiwa hataza, na kampuni zikauchangamkia. Mwaka 2008 Roche ilinunua Ventana, kampuni ya vipimo vya tishu, kwa takriban dola bilioni 3.4, na mwaka 2012 Agilent ikaichukua Dako ya Denmark kwa bilioni 2.2.

Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ziko mwisho wa mnyororo huo. Kinyama, yaani kipande cha tishu cha kupimwa, kikikatwa katika hospitali ya Nyakahanga au Isingiro, hospitali mojawapo ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Maabara yenye kipimo cha kingamwili za keratini hukata nta yenye kinyama vipande vya maikromita 3 au 4, hudondoshea kingamwili, kisha kitendanishi cha rangi. Seli zenye keratini hugeuka kahawia chini ya hadubini.

Kichupa cha kingamwili hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 na kina tarehe ya kuisha muda. Sampuli zikiwa chache, kila moja hubeba gharama kubwa. Kwa hiyo kuisambaza huduma hii kila wilaya ni hasara tupu. Fedha ya wilaya ina tija zaidi kwenye fomalini, kemikali ya kuhifadhi kinyama, ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake mara 10 ya kinyama. Kinyama kikicheleweshwa nje huoza. Kikizidisha saa 72 ndani, keratini huanza kujificha, na kingamwili ya bei kubwa inaweza kutoa jibu la uongo. Saa ya kukitumbukiza huandikwa ubavuni mwa kopo, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.