Kompyuta kuukuu na muziki usiokwama

Hapa Bujumbura wengi wetu tunatumia kompyuta kuukuu, memori kidogo. Mtoto akifungua nyimbo huku anaandika kazi ya shule, yote yanakwama. Umeme ukikatika hapohapo, basi, kazi imepotea.

Mara nyingi kinacholemea ni programu ya muziki. Sisi tunapendelea Audacious. Ilianza 2005, na asili yake ni XMMS ya miaka ya 1990. Inacheza muziki tu, haina mapambo mengi, inakubali Windows na Linux. Tena ni huria: ni ya bure, na unaruhusiwa kumgawia jirani. VLC nayo ni huria, ilianzishwa na wanafunzi wa Ufaransa 1996. Inafungua hata video, ila ni nzito kidogo. Kama watoto wanaangalia masomo ya video, wekeni VLC peke yake, inatosha.

Mnaweza kupima wenyewe. Wimbo ukiwa unaimba, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itaonyesha kila programu inakula memori kiasi gani.

Tunachoogopa zaidi ni fulashi. Mtu anajaziwa nyimbo mtaani, anapewa na programu ya wizi, kumbe ina virusi. Picha za ndugu tuliowaacha nyumbani zinatoweka, na kopi nyingine hakuna. Audacious ichukueni kwenye tovuti yake, audacious-media-player.org. Ukiisha kuiweka, haihitaji intaneti. Na picha zile, zitolee kopi leo, kabla fulashi ya mtu haijachomekwa.