Tone la mafuta linaloujua mlango wa ini

Ni jeni, si jini, ingawa kazi yenyewe yafanana na ya mganga: kumnyamazisha anayesumbua ndani ya mwili. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba mnyoo mdogo akidungwa RNA ya nyuzi mbili, jeni inayolingana nayo hunyamaza. Jeni haiguswi; kinachokatwa ni nakala ya maagizo yake kabla haijasomwa na kutengenezewa protini. Wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Kwa binadamu, shida ikawa usafiri. RNA ikidungwa tupu kwenye mshipa, vimeng'enya vya damu huitafuna, na inayosalia huishia kwenye mkojo.

Patisiran, dawa iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2018, ilipita hapo. Inatibu ugonjwa wa kurithi ambapo ini hutoa protini yenye kasoro, ikaganda kwenye neva hadi miguu ikafa ganzi. RNA ya kuinyamazisha jeni yake hufungwa ndani ya tone la mafuta dogo mno: mamia yakipangwa sambamba hayatimizi upana wa unywele mmoja.

Ujanja uko hapa. Tone likiingia damuni hudandiwa na protini ileile inayosindikiza mafuta ya kawaida kurudi kwenye ini. Ini, kwa mazoea, hulipokea. Ndani ya seli hufungiwa kwenye kijifuko ambacho taratibu hujaa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo ufunguo: mafuta ambayo njiani hayakuwa na chaji sasa hupata chaji chanya, hung'ang'ania ukuta wa kijifuko na kuutoboa. RNA hutoka, ila kidogo sana. Vipimo vya mwaka 2013 vilionyesha asilimia 1 hadi 2 tu.

Kidogo hicho kinatosha. Katika jaribio la wagonjwa 225, protini inayosababisha ugonjwa ilishuka kwa takriban asilimia 80. Gharama yake ni kukaa na dripu kama dakika 80 kila wiki tatu, baada ya kumezeshwa na kudungwa dawa za kuzuia mzio.

Waliochanjwa UVIKO kwa chanjo ya Pfizer au Moderna wamekwisha kupokea binamu wa tone hili begani. Kwenye ini lenyewe, tone limeshapata mpinzani: tangu 2022 ipo vutrisiran, isiyobebwa na mafuta bali iliyofungiwa sukari inayotambuliwa na ini, sindano moja chini ya ngozi kila miezi mitatu. Ubongo na mapafu havina mazoea ya ini, na huko mlango bado unabishwa.