Malkia ndani ya kichupa: watu wanaofuga sisimizi wekundu



Sisimizi wakiingia kwetu jikoni, kila mtu anajua kazi yake: huyu anashika ufagio, yule analeta majivu ao maji ya moto. Ndiyo sababu mama mmoja wa kikundi chetu, alipopokea kwenye telefone picha kutoka kwa kijana wake aliye Ubelgiji, alifikiri mtoto amepatwa na taabu. Sisimizi wekundu zaidi ya mia moja walikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, juu ya meza, karibu na kitanda. Kijana aliandika chini: «Mama, hawa ni wangu.» Picha hiyo ilipita mkono kwa mkono, na maulizo yakawa mengi. Ni ugonjwa? Ni uchawi? Anawala? Kwa hiyo juma hili tunaeleza jambo hili kwa urefu kidogo, sababu linagusa watoto wetu walio ngambo, na pia wale walio hapa nyumbani.

Kufuga sisimizi ni mchezo wa zamani huko Ulaya, kama vile wengine wanavyofuga ndege ao samaki. Mwingereza mmoja, John Lubbock, aliyekuwa mwenye benki na mbunge, alifuga sisimizi katikati ya vipande viwili vya kioo ili aone wanavyoishi. Kitabu chake juu ya sisimizi, nyuki na nyigu kilitoka mwaka wa 1882. Malkia mmoja aliishi kwake karibu miaka 15. Siku hizi vijana wanafanya kazi ileile kwa vichupa vya laboratwari na visanduku vya plastiki.

Wekundu wale wa kwenye picha, wataalamu wanawaita Myrmica rubra. Wanapatikana Ulaya karibu kote: katika majani yenye unyevu, chini ya mawe, katika miti iliyooza, katika bustani za watu. Mmoja ana urefu wa milimeta 4 ao 5 tu. Lakini usimdharau. Nyuma ya tumbo ana mwiba na sumu, na ukikalia kiota chake utaruka kama mtu aliyekalia kaa la moto. Maumivu si makubwa kama ya nyuki, lakini yanaunguza, kisha mahali pale panawasha kwa saa nyingi.

Sasa, mambo yote ya ufugaji huu yanasimama juu ya mama mmoja, ni kusema malkia. Wafanyakazi wote unaowaona wakikimbia huku na huku ni wa kike, na ni binti zake. Wao wanaleta chakula, wanalea watoto, wanasafisha nyumba na kupiga vita. Wanaume wana mabawa, hawafanyi kazi yoyote, wanatoka siku moja kutafuta mke, na muda mfupi kisha hapo wanakufa. (Wamama waliposikia hilo katika mkutano walicheka sana. Sisi hatuongezi neno.)

Ndoa inafanyika hewani, mwishoni mwa majira ya joto, zaidi sana mwezi wa 8 na wa 9. Wanatoka wengi kwa siku moja, kama vile kumbikumbi wetu, wale wengine wanaita inswa, wanavyotoka nyuma ya mvua. Kisha ndoa, malkia anashuka chini na kujikata mabawa. Hataolewa tena maisha yake yote. Mbegu aliyopokea siku ile anaiweka ndani ya mwili na kuitumia miaka na miaka. Siku hizo wafugaji wanatembea barabarani macho yakiwa chini, wakitafuta malkia asiye na mabawa. Hawalipi kitu. Kumchimba kiotani ni vibaya zaidi, sababu mara nyingi mtu anaharibu kiota kizima na hamwoni.

Nyumba ya kwanza ya malkia ni kichupa kirefu cha kioo. Unatia maji mpaka karibu nusu, unayafunga kwa pamba, ili pamba ilowe lakini maji yasipite. Malkia anakaa ngambo ya pili, na mlango wake pia ni pamba. Hivyo anapata unyevu bila kuzama. Kichupa kinawekwa mahali pa giza ao kinafunikwa kwa karatasi nyekundu ya plastiki, sababu sisimizi hawaoni vizuri rangi nyekundu, na mfugaji anaweza kuchungulia bila kuwatisha.

Hapo ndipo wengi wanaoanza wanashindwa. Kuna sisimizi weusi wa Ulaya ambao malkia wao anajifungia ndani, hali chakula kwa majuma mengi, na anawalea watoto wa kwanza kwa nguvu ya mwili wake peke yake. Malkia wa wale wekundu hawezi hivyo. Hana akiba ya kutosha mwilini. Porini anatoka mwenyewe kutafuta chakula huku mayai yako nyumbani. Kwa hiyo mfugaji anapaswa kumlisha tangu mwanzo: tone dogo la asali iliyochanganywa na maji, na kipande cha nzi ao cha panzi mdogo. Akimsahau, malkia anakula mayai yake mwenyewe. Mama yeyote aliyenyonyesha wakati wa njaa anaelewa.

Watoto wa kwanza wanakuwa wadogo sana na wachache. Lakini wakishatoka wanachukua kazi yote, na malkia anabaki na kazi moja ya kutaga. Hapo wanaongezewa uwanja, ni kusema kisanduku kilichounganishwa na kichupa kwa mpira mwembamba. Wanatembea humo, wanatafuta chakula, wanatupa takataka zao kwenye pembe moja. Ndiyo, wana jalala lao, na hawalichanganyi na chumba cha watoto. Sukari ni ya wafanyakazi, inawapa nguvu. Nyama ya wadudu ni ya mabuu, ili wakue. Chakula kinatolewa kidogokidogo, na mabaki yanaondolewa kabla hayajaota kuvu. Mdudu aliyeuawa kwa dawa ya kupuliza hatolewi kamwe, anaweza kuua nyumba nzima.

Kisha inakuja baridi. Sisimizi wa Ulaya wanalala usingizi wa miezi mingi, na wasipolala wanadhoofika. Kwa sababu ndani ya nyumba za kule kuna joto, vijana wanawaweka ndani ya frigo, kwenye digrii 5 mpaka 8 hivi, tangu karibu mwezi wa 11 mpaka wa 3. Ukienda kumtembelea mtoto Ulaya ukakuta kichupa cha namna hiyo karibu na maziwa, usikitupe. Ila mwambie akitie ndani ya kisanduku kilichofungwa vizuri, mbali na chakula cha watu. Hilo ni haki ya mama kulisema.

Tuseme sasa juu ya hatari, sababu hilo ndilo wamama waliuliza zaidi.

Ya kwanza ni kuchomwa. Anayechomwa aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, aweke kitambaa cha maji baridi, asijikune. Sisimizi huyu haachi mwiba ndani ya ngozi, kwa hiyo msitafute kitu cha kung'oa. Petroli, dawa ya meno na mavi ya ng'ombe havisaidii. Mavi yanaweza kuleta ugonjwa mwingine. Lakini kuna watu wachache ambao mwili wao unakataa kabisa sumu ya wadudu. Kama mtu amechomwa, ikiwa ni na sisimizi, nyuki ao nyigu, kisha midomo ao uso unavimba, pumzi inakuwa ngumu, mwili mzima unatoka upele, ao anasikia kizunguzungu, huyo apelekwe hospitali mara moja. Msingoje asubuhi. Mtoto aliyewahi kupatwa na hayo asifuge sisimizi wanaochoma, hata akilia.

Ya pili ni kutoroka. Ukingo wa kisanduku unapakwa mafuta ao poda inayoteleza ili wasipande, lakini pamba ikikauka ao kifuniko kikiachwa wazi, wanatoka. Na hapa si swala la kuchomwa tu. Wekundu hawa waligunduliwa Marekani, katika jimbo la Massachusetts, mwaka wa 1908, mbali na kwao. Leo wako katika bustani nyingi za pwani ya mashariki ya Marekani na katika sehemu za Kanada, na kuna mahali ambapo watu hawawezi kukaa kwenye majani. Wanahamishwa zaidi sana pamoja na udongo na vyungu vya maua. Na kwa kuwa kiota kimoja kinaweza kuwa na malkia wengi, kikundi kidogo tu chenye malkia mmoja kinatosha kuanzisha makao mapya. Mtoto wako akiwa Kanada ao Marekani, asiagize sisimizi wa Ulaya kwa posta. Kule kuna wenyeji wao wa kutosha.

Ya tatu inatuhusu sisi wa Afrika moja kwa moja. Mwezi wa 4 wa mwaka wa 2025, huko Naivasha katika Kenya, vijana wawili Wabelgiji wenye miaka 19 walikamatwa na malkia wa sisimizi karibu 5.000 ndani ya vichupa zaidi ya 2.000 vyenye pamba. Ndivyo, vichupa vya namna ileile tuliyoeleza. Wengi walikuwa wa kabila moja kubwa lenye kuvuna mbegu, Messor cephalotes, ambalo wafugaji wa Ulaya wanalipenda sana. Malkia mmoja anaweza kuuzwa kule kwa zaidi ya dola 100. Mwezi wa 5 tribinali iliwakata shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja, ao kifungo cha miezi 12. Watu wengine wawili, mmoja wao Mkenya, waliadhibiwa vilevile katika kesi kama hiyo.

Watu wengi walicheka: tribinali kwa ajili ya sisimizi? Hawakupaswa kucheka. Ukichukua wafanyakazi elfu moja, kiota kinawazaa tena. Ukimchukua malkia mchanga, umechukua kijiji ambacho kingeishi miaka mingi. Sisimizi wavunaji wanageuza udongo na kusambaza mbegu za majani, na ng'ombe anakula majani hayo. Tena fedha haigawanywi kwa haki. Anayeinama kuchimba, mara nyingi ni mtoto wa kijiji ao kijana asiye na kazi, anapata makuta kidogo. Anayefunga vichupa ndani ya valizi anapata dola. Hadithi hiyo sisi Wakongo tunaijua kwa mali nyingine.

Kwetu pia kuna sheria ya mwaka wa 2014 ya kulinda asili, na mtu wa kutoka mbali hana ruhusa ya kuja tu na kuokota viumbe vya inchi. Kwa hiyo mgeni akifika mtaani na kuwaambia watoto «nileteeni wale wakubwa wenye mabawa, nitawalipa», wamama wapate kwanza kumuuliza karatasi zake, na wamjulishe chef wa mtaa. Mtoto ndiye atakayekutwa na vichupa mkononi, mgeni akiwa tayari amepanda ndege.

Wengine waliuliza kama siafu wetu wanaweza kufugwa. Jibu ni hapana. Siafu hawana nyumba ya kudumu. Wanahama, wanawinda njiani, na kundi moja linahesabika kwa mamilioni. Hakuna kisanduku cha kuwatosha wala nyama ya kuwashibisha. Na mama aliyewahi kuamka usiku kumwondoa mtoto mchanga ao kufungulia kuku kabla siafu hawajafika hahitaji kuelezwa. Wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa kiota, nao hawafugwi vizuri ndani ya nyumba, lakini waacheni juu ya mti: wanakula wadudu wengi wanaoharibu matunda. Wakati wa kuchuma tu ndipo wanaudhi.

Kwa mtoto wa hapa mwenye kupenda mambo hayo, hahitaji malkia wala dola. Atafute sisimizi wadogo weusi wa uani, wasiochoma. Achukue chupa safi ya konfitiri, atie udongo wa palepale, pamba yenye maji na punje chache za sukari, atoboe kifuniko kwa sindano nyembamba, kisha azungushie karatasi nyeusi nje. Akiondoa karatasi kisha siku mbili ataona njia walizochimba kwenye kioo. Mwalimu mmoja wa masomo ya msingi anaweza kufanya hivyo na kalasi nzima kwa franka za sukari tu. Bila malkia hawataongezeka, na wataanza kufa polepole. Kwa hiyo wasikae zaidi ya juma moja. Siku ya saba mtoto aipeleke chupa palepale alipowatoa, ailaze chini, afungue kifuniko, asogee nyuma na kungoja. Wa kwanza atatoka kuangalia njia, kisha wengine watamfuata.