Sifuri Si Sawa na Hakuna

Nilipokuwa fildi mwaka jana, mwalimu wa taaluma aliniomba niingize alama za hisabati za Kidato cha Pili kwenye kompyuta. Nasoma ualimu wa hisabati na kompyuta, nikajua hiyo ni kazi ya nusu saa. Nikaandika kiprogramu: soma majaribio manne ya kila mwanafunzi, jumlisha, gawa kwa nne, panga nafasi. Palipokuwa wazi, kikaweka 0.

Wiki iliyofuata akaja mzazi na ripoti mkononi. Binti yake alilazwa hospitali wiki ya jaribio la tatu. Mengine alipata 71, 68 na 74, lakini ripoti ilisema wastani ni 53. Jamani, niliona aibu! Kompyuta haikukosea hesabu. Mimi ndiye niliyeiambia kuwa asiyekuwepo amepata sifuri.

Kumbe ugonjwa huu ni wa zamani. Tony Hoare aliingiza "null", yaani rejeo lisiloelekeza popote, kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, na mwaka 2009 mwenyewe akaliita kosa lake la dola bilioni moja. Shida ni kwamba kitu kitupu kinavaa sare ileile ya kitu kilichopo, hivyo programu inakipokea bila kuuliza.

Lugha zinazojengwa juu ya fanksheni, mfano Haskell, zinakataa sare hiyo. Zina aina ya data iitwayo Maybe, yenye hali mbili tu: Nothing, yaani hakuna, au Just 71, yaani ipo na ni 71. Ukijaribu kujumlisha Maybe na namba ya kawaida, kompaila inagoma. Lazima kwanza useme utafanya nini ikiwa hakuna. Kosa langu lingekamatwa palepale mezani, kabla ya ripoti kuchapwa.

Lakini Maybe ni bubu. Inasema hakuna, haisemi kwa nini. Aliyelazwa, ambaye karatasi yake imepotea, na aliyeandikiwa 105 kati ya 100, wote wanatoka Nothing. Hapo ndipo inapokuja Either. Nayo ina pande mbili: Right hubeba jibu, Left hubeba sababu ya kulikosa. (Rahisi kukumbuka: jibu liko mkono wa kulia, ule wa kulia chakula.) Kwenye Rust mambo ni hayohayo kwa majina mengine: Option na Result.

Sasa utumie ipi? Mimi najiuliza: je, kuna mtu atakayehitaji kujua sababu? Kama natafuta jina kwenye orodha, lipo au halipo, Maybe inatosha, na kuweka Either hapo ni kujitafutia maandishi ya bure. Kama mzazi atasimama mlangoni, Either. Kumbuka pia kwamba kutoka Either kwenda Maybe ni rahisi, unatupa sababu tu. Kurudi ni lazima utunge sababu, maana ya kwanza imeshapotea.

Either nayo ina kero yake. Ukiunganisha hatua kadhaa, inasimama kwenye kosa la kwanza. Nilipoandika upya programu yangu, ilinipa kosa moja, nikarekebisha, ikanipa lingine, mpaka nikachoka. Kwa fomu au orodha ya alama, afadhali aina inayokusanya makosa yote kwanza ndipo ikuletee kwa pamoja.

Kuhusu yule binti, programu mpya iliandika "hakufanya: amelazwa" na ikakataa kutoa wastani. Agawiwe kwa tatu au arudie jaribio? Hilo halikuwa la kompaila. Mwalimu wa taaluma alimpangia jaribio Jumamosi, na mimi ndiye niliyelisimamia.