Kijana mwenye wasiwasi haponi kwa kuambiwa "jikaze"

Matokeo ya kidato cha sita yakikaribia, nyumba moja huweza kuwa na vijana wawili tofauti kabisa. Mmoja analala fofofo. Mwenzake, saa nane za usiku, yuko macho na simu mkononi: nikifeli je? Nikikosa mkopo? Baba nitamwambia nini?

Tofauti hiyo huanza mapema. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwachunguza watoto wa miezi 4 kwa kuwaonyesha vidude vinavyoning'inia, kuwasikilizisha sauti ngeni na kuwanusisha pamba yenye spiriti. Takribani asilimia 20 walirusha mikono na miguu wakalia. Walipokua, hao ndio walioelekea zaidi kuogopa mambo mageni na kuwa na wasiwasi. Hata hivyo, wengi miongoni mwao hawakupata maradhi ya wasiwasi. Hulka humwelekeza mtu, haimfungi.

Kilichobaki mikononi mwetu ni namna ya kuzikabili hisia, na hapo ndipo malezi yetu yanapokosea. Kijana akionyesha hofu, tunamwambia ajikaze. Mwaka 1998, James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa filamu ya mgonjwa akikatwa mkono. Walioagizwa kuficha hisia walituliza nyuso, lakini kinyaa hakikupungua, na miili yao ilihangaika zaidi. Walioagizwa kuitazama kwa jicho la kitaalamu ndio waliopungukiwa na kinyaa chenyewe.

Funzo ni kwamba kijana afundishwe kulitazama jambo upya. Badala ya "nikifeli nimekwisha", aseme: "Nikikosa alama, ipo diploma, na mtihani unarudiwa." Pia atenge nusu saa ya mchana kuandika yanayomsumbua, na hofu ikija usiku aiahirishe hadi muda huo. Mbinu hiyo ya kuahirisha hofu, mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliandika kuihusu tangu 1983.

Wasiwasi ukidumu miezi, ukamnyima kijana usingizi, hamu ya kula au nguvu ya kufanya kazi, apelekwe hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mzazi, mwanao akikuambia anaogopa, usimnyamazishe. Muulize anaogopa nini hasa, umsikilize mpaka amalize, kisha mtafute pamoja njia ya kufuata.